Kundi la maigizo bila ukumbi
Kaka umeuliza kama Walatino wa Marekani (wenye asili ya Amerika ya Kilatini) wanaweza kuanzisha kundi la maigizo bila ukumbi wala mfadhili, inawezekana kabisa! Mcheki Luis Valdez, mwandishi wa maigizo mwenye asili ya Mexico, 1965 kule Delano, California, vibarua wa mashamba ya zabibu wako kwenye mgomo, jamaa akaanzisha kundi la El Teatro Campesino (yaani maigizo ya wakulima) na vibarua haohao ndo waigizaji, jukwaa ni nyuma ya lori, mavazi ya maana hakuna so mtu anavaa kibao shingoni kimeandikwa bosi au msaliti wa mgomo na watu wanaelewa fasta, Kispania na Kiingereza vinachanganywa humohumo. 1979 igizo lake Zoot Suit likafika Broadway, kwenye kumbi kubwa za maigizo za New York. Tafuteni kwanza wenye stori zao, ukumbi baadaye.