Mama Ameanza Kusahau: Nichukue Namba Zake za Siri?

SWALI: Mamangu ana miaka 74, tunaishi Majengo, Mombasa. Tangu baba afariki, yeye ndiye anayesimamia vyumba vyake vinne vya kupangisha, shilingi 6,500 kila kimoja kwa mwezi. Siku hizi anasahau. Mwezi jana alimlipa fundi wa mabomba mara mbili. Ana akaunti tatu za benki, hisa za Sacco, laini mbili zenye M-Pesa, na bado anacheza mchezo wa kuchangiana pesa kwa zamu na akina mama wenzake. Anataka nichukue namba zake za siri niendeshe kila kitu. Kakangu wa Nairobi anasema jina langu liingizwe kwenye akaunti. Dadangu wa Doha hataki lifanyike jambo bila yeye kujua. Mimi nimeajiriwa Nyali, na nimechoka. Nianzie wapi?

JIBU: Pole dadangu, na umefanya vyema kuuliza wakati mama bado anaweza kukueleza mwenyewe anachotaka. Anzia hapo hapo: saini yake leo ina thamani ambayo huenda mwakani isiwe nayo.

Hati ya uwakili ni karatasi ambayo mama anakupa mamlaka ya kutenda kwa niaba yake. Hutiwa saini mbele ya wakili, na ikihusu nyumba au kiwanja husajiliwa katika ofisi ya ardhi. Jambo ambalo familia nyingi hazilijui ni kwamba hapa Kenya hati hiyo ina nguvu maadamu aliyeitoa ana akili zake. Akifika mahali haelewi tena mambo yake, hati nayo imekwisha, hata kama yeye yu hai. Kwa hivyo usiiweke kabatini kama akiba ya siku mbaya. Itumie sasa hivi kufunga, kuhamisha na kupunguza akaunti zake.

Niliwahi kukaa na mzee mmoja na wanawe watatu mbele ya wakili. Wakili akamuuliza, "Baba, leo tumekuja kufanya nini?" Mzee akaishika kalamu vizuri kabisa, akatabasamu, akasema amekuja kulipa bili ya maji. Wakili akaichukua kalamu taratibu, akakunja karatasi zake. Familia ile ikabidi iende Mahakama Kuu, chini ya Sheria ya Afya ya Akili, kuomba mtu ateuliwe kusimamia mali ya mzee. Muda wote huo kodi za wapangaji zilikuwa zikiingia benki, na dawa zikinunuliwa kwa pesa za watoto.

Namba za siri usizichukue, hata akikubembeleza. Wakizijua watu wawili, hakuna tena anayeweza kuthibitisha nani alitoa nini, na dadako wa Doha atakuwa na haki ya kuuliza. Tena siku Mungu akimchukua, kutoa hata shilingi kwenye laini yake ni kuingilia mali ya marehemu kabla ya mahakama kuruhusu, na hilo ni kosa la jinai.

Ushauri wa kakako nao siukubali, ingawa najua ana nia njema. Akaunti ya pamoja inakufanya mmiliki mwenza. Mama akiondoka, benki inaweza kukukabidhi wewe salio lote, nalo ni mirathi yenu nyote. Nimeona ndugu wakiacha kusalimiana kwa jambo hili. Omba benki fomu ya kukuidhinisha kuendesha akaunti huku mwenye akaunti akibaki mama peke yake. Benki nyingi zinayo, ila mama lazima afike mwenyewe kuitia saini.

Akaunti tatu zibaki mbili. Moja ipokee kodi, wapangaji wakilipa moja kwa moja kwa Paybill ya benki, yaani namba ya kulipia kwa M-Pesa, si mkononi wala kwenye laini. Ya pili iwe ya matumizi: kila mwezi hamishia humo pesa za dawa, chakula, stima na mfanyakazi, na hizo tu. Usilipe kwa mshahara wako ukitarajia kujirudishia baadaye, maana hapo ndipo hesabu huvurugika na ndipo uchovu wako unapozidi. Taarifa ya akaunti zote mbili itume kwa ndugu zako kila mwisho wa mwezi, hata kama hawajauliza.

Laini moja muachie, iwe na pesa kidogo za matumizi yake. Na mchezo usiuguse. Wale akina mama ndio wanaokuja kumtazama asipoonekana siku mbili.

Vyumba vina ushuru. Kodi ya 26,000 kwa mwezi ni 312,000 kwa mwaka, imeshapita 288,000, kiwango ambacho KRA, mamlaka ya ushuru, huanzia kutoza. Tangu Januari 2024 ni asilimia 7.5 ya kodi yote iliyoingia, bila kutoa gharama za ukarabati. Kwenu ni 1,950 kwa mwezi, na hulipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Kama kuna miezi iliyorukwa, anza kuilipa wakati mama bado anakumbuka nani alihama lini. Na kama nyumba yenu ni nyumba bila ardhi, yaani nyumba ni yenu lakini kiwanja ni cha mtu mwingine, kama zilivyo nyingi huko Majengo, kusanya risiti zote za kodi ya ardhi ambayo mama humlipa mwenye kiwanja. Mara nyingi ziko kwenye mkoba mmoja chini ya kitanda, zimefungwa mpira.

Kuhusu SHA, bima ya afya ya serikali, mzazi hawezi kuingia kama tegemezi wako. Ajisajili mwenyewe, na mchango wake ulipwe kutoka ile akaunti ya matumizi.

Kabla ya kwenda kwa wakili, pata barua ya daktari wake, yenye tarehe ya wiki hiyo hiyo, ikieleza kuwa mama anaelewa mambo yake. Itakukinga mtu akija kupinga. Kisha mpeleke asubuhi, akiwa amelala vizuri na amekunywa chai yake. Chukua kitambulisho, namba yake ya KRA na picha za pasipoti, na usisahau miwani yake, ili hati aisome mwenyewe.