Nakuru hadi Eldoret kupitia Kabarnet

Ndugu, umeuliza kama gari dogo litapita njia ya Kabarnet, na nani aliyeanza kupita huko. Litapita, ni lami yote: Nakuru, Mogotio, Marigat, halafu unapanda milima ya Tugen hadi Kabarnet.

Utamu unaanzia hapo. Unateremka Bonde la Kerio, joto linakupokea, unavuka mto kwenye korongo la Chebloch, ambako vijana hupiga mbizi kutoka kwenye miamba. Toka Biretwo ni kupanda ukuta wa Elgeyo kwa kona kali kupitia Tambach, makao ya wilaya enzi za ukoloni, hadi Iten, yapata mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, kisha unaendelea hadi Eldoret. Msimu wa mvua mawe huporomoka pale Tambach, kwa hiyo usipite usiku.

Njia ni kongwe. Misafara ya Waswahili ilinunua chakula Baringo, na 1883 mpelelezi Mskoti Joseph Thomson alivuka bonde hili akielekea Kavirondo, jina la zamani la nchi iliyo kando ya Ziwa Viktoria. Lami ililetwa enzi za Rais Moi, mzaliwa wa Baringo.

Kagua breki kabla ya kutoka Nakuru, tafadhali. Na ukifika Marigat, nunua asali.