Pwani au jiji la kale?

Ndugu, umesema kazi yako unaifanya kwa intaneti na hupendi kuendesha gari, ila umekwama kuchagua pa kuhamia kati ya mji wa pwani na jiji la kale. Mimi ningeanza na nyumba yenyewe, mandhari baadaye. Karibu na bahari hewa ya chumvi hula chuma: bawaba, mabati, kiyoyozi, hata baiskeli. Rangi hubanduka mapema na nguo kabatini huota ukungu. Uliza pia kama maji ya dhoruba yamewahi kufika mtaa huo. Kampuni za bima zitauliza hivyo hivyo.

Jiji la kale lina taabu zake. Jengo likilindwa kisheria, hata kubadilisha dirisha huenda kukahitaji kibali. Na majirani wanaweza kuwa watalii wa wiki moja moja, wanaoburuta masanduku usiku wa manane. Lakini majiji hayo yalijengwa kabla ya magari, kwa hiyo mahitaji mengi utayafikia kwa miguu.

Kwa hali yako, ningechagua jiji. Ila usinunue mara moja. Kodi nyumba kwanza, tena uhamie msimu ambao watalii hawapo.