Maswali ya Wasomaji: Nikiacha somo katikati ya muhula, msaada wangu wa fedha utakuwaje?

SWALI: Ndugu mshauri, salamu nyingi. Ninaishi Columbus, Ohio, nina grini kadi na watoto wawili. Miaka tisa iliyopita nilisoma katika chuo cha jamii, nikaandikishwa krediti 30 na kumaliza 21 tu, kwa sababu nilijifungua nikashindwa kuendelea. Mwaka huu nimerudi na kuchukua krediti 12. Ninapata ruzuku ya Pell, ile ya serikali ya shirikisho kwa wanafunzi wenye kipato kidogo, kwa kiwango cha juu kabisa, na usiku ninafanya kazi ya kutunza wazee. Tumefika wiki ya sita ya muhula. Kemia, ambayo ni krediti 4, imenishinda, na hisabati ya krediti 3 inaelekea huko huko. Nikiyaacha masomo yote mawili, je, serikali itanidai fedha zake? Bado nina mkopo wa wanafunzi wa enzi zile ambao sijaumaliza kuulipa. — M.K., Columbus

JIBU: Dada M.K., kemia unaweza kuiacha bila madhara makubwa. Ukiacha na hisabati, hata hivyo, utavuka mipaka miwili kwa mpigo, na wala si ile unayoiogopa.

Tuanze na hofu yako yenyewe. Tangu mwaka wa masomo wa 2024–25, ruzuku ya Pell hukokotolewa kwa kulinganisha krediti za mwanafunzi na krediti 12 zinazohesabiwa kuwa masomo ya muda wote. Kiwango cha juu kwa mwaka wa 2025–26 ni dola 7,395, kwa hiyo mwenye krediti 12 hupata karibu dola 3,698 kwa muhula, mwenye krediti 8 hupata asilimia 67 ya hizo, yaani karibu dola 2,477, na mwenye krediti 5 hubaki na asilimia 42, karibu dola 1,553. Hesabu hiyo, hata hivyo, haifanywi upya kila mwanafunzi anapobadili ratiba yake. Vyuo vingi huweka siku moja ya sensa katika wiki za mwanzo za muhula, na masomo uliyokwisha kuanza kuyahudhuria na ambayo bado umeandikishwa siku hiyo ndiyo yanayoamua kiasi cha Pell. Kwa kuwa uko wiki ya sita, kuna uwezekano mkubwa kwamba siku hiyo imekwisha kupita chuoni kwako, na kama ndivyo, kuacha somo moja au mawili huku ukiendelea na mengine hakutapunguza ruzuku ya muhula huu. Kanuni ya kurudisha fedha serikalini, ambayo ndiyo watu huitaja wanapotishana, humhusu anayeacha masomo yote. Hata hivyo, uliza kwanza, kwa sababu kila chuo kina kalenda na utaratibu wake, na madarasa mafupi ya nusu muhula yana kanuni zake za ziada.

Niongeze jambo moja kwa ajili ya wasomaji ambao hawajafika wiki ya sita. Katika vyuo kadhaa siku ya mwisho ya kurudishiwa ada hutangulia siku ya sensa. Anayeacha somo kati ya siku hizo mbili hupata hasara pande zote: ada ya somo hilo hairudi, na Pell yake inapunguzwa kana kwamba hakulichukua kamwe. Huo ndio wakati mbaya kuliko wote wa kuacha somo, na ni ajabu kwamba karatasi za usajili hazilisemi jambo hilo kwa herufi kubwa.

Sasa nirudi kwenye ile mipaka miwili. Wa kwanza ni krediti 6, ambazo ni nusu ya muda wote. Mkopo wako wa zamani umesimamishwa kwa sababu wewe ni mwanafunzi wa angalau nusu muda. Ukiacha kemia peke yake utabaki na krediti 8 na mkopo utaendelea kusimama, lakini ukiacha na hisabati utabaki na 5, na usimamishaji huo utakoma. Wengi hudhani kwamba watapewa tena miezi sita ya kusubiri kabla ya kuanza kulipa. Miezi hiyo hutolewa mara moja tu kwa kila mkopo wa aina hii, na wewe uliitumia miaka tisa iliyopita ulipotoka chuoni, kwa hiyo malipo yataanza kudaiwa mara moja. Kama unafikiria kukopa tena, ujue pia kwamba kwa krediti chini ya 6 huwezi kupata mkopo wa moja kwa moja wa serikali ya shirikisho, na kwamba sheria iliyotiwa saini Julai 2025 inaagiza kiwango cha mkopo wa mwaka kipunguzwe kwa asiyesoma muda wote, kuanzia Julai 2026.

Mpaka wa pili ndio unaowaumiza zaidi watu waliorudi chuoni baada ya miaka mingi. Serikali inataka kila mpokeaji wa msaada awe na maendeleo ya kuridhisha, na sehemu mojawapo ya kipimo hicho ni uwiano wa krediti alizomaliza kwa krediti zote alizojaribu. Katika vyuo vingi uwiano huo usipungue asilimia 67. Somo lililoachwa baada ya siku ya sensa huandikwa W, yaani limeachwa, katika hati ya matokeo. Herufi hiyo haigusi wastani wa alama, lakini huhesabiwa kuwa somo lililojaribiwa na halikumalizwa. Krediti zako 30 za zamani nazo zimo katika hesabu hii, hata kama wakati ule hukupokea msaada wowote. Chuo kinaweza kuwa na mpango wa kumsamehe mwanafunzi alama zake za zamani katika wastani, na mipango hiyo ni mizuri kwa mambo mengine, ila kanuni za msaada wa shirikisho haziutambui msamaha huo.

Tazama basi hesabu yako. Ukimaliza masomo yote ya muhula huu utakuwa na krediti 33 kati ya 42, ambazo ni zaidi ya asilimia 78. Ukiacha kemia peke yake utakuwa na 29 kati ya 42, yaani asilimia 69, na utakuwa umepita kwa tofauti ndogo. Ukiacha yote mawili utakuwa na 26 kati ya 42, ambazo hazifiki asilimia 62. Hapo chuo, kulingana na utaratibu wake, kitakupa onyo linalokuruhusu kupokea msaada kwa muhula mmoja zaidi, au kitakusimamisha mpaka uandike rufaa. Kufeli hisabati badala ya kuiacha hakusaidii chochote: F nayo huhesabiwa kuwa haikumalizwa, na juu ya hayo hushusha wastani, ambao vyuo vingi hutaka usiwe chini ya 2.0.

Kwa hiyo, kwa maoni yangu, iache kemia na ile nguvu uliyokuwa ukiigawa uielekeze yote kwenye hisabati. Karibu kila chuo cha jamii kina kituo cha kufundishia wanafunzi bila malipo, na wanaofanya kazi usiku, ambao ndio wanaokihitaji zaidi, ndio wasiokwenda. Kabla ya kubofya chochote katika mfumo wa usajili, iandikie ofisi ya misaada ya fedha barua pepe ukiwauliza siku ya sensa ilikuwa lini, uwiano wako utakuwa kiasi gani baada ya W moja, na kama kuna ufadhili wa jimbo au wa chuo unaodai krediti 12. Waombe wakujibu kwa maandishi. Mshauri wa masomo anayekuambia kwamba unaruhusiwa kuacha somo anazungumzia kalenda ya masomo, na mara nyingi faili lako la fedha halijui.

SWALI: Mshauri, mama yangu mzazi amefariki Kigoma. Ninataka kwenda kuzika na kukaa na ndugu hadi arobaini, kwa hiyo itanibidi niache masomo yote ya muhula huu. Nilipata Pell ya dola 3,000, chuo kikakata ada yake ya dola 1,800, na zilizobaki nikapewa mkononi. Je, zile nilizopewa nitatakiwa kuzirudisha? — S.B., Dallas

JIBU: Kaka S.B., pole sana kwa msiba, Mungu ailaze roho ya marehemu mahali pema.

Anayeacha masomo yote huhesabiwa kuwa amestahili msaada kulingana na siku alizohudhuria. Kila siku ya kalenda huhesabiwa, isipokuwa likizo ya siku tano au zaidi mfululizo, na anayevuka asilimia 60 ya muhula huwa amestahili msaada wake wote. Tuseme muhula wako una siku 110 na unaondoka siku ya 40. Umestahili asilimia 36.4 ya ruzuku, karibu dola 1,092, na dola 1,908 zilizobaki huhesabiwa kuwa hazikuwa haki yako. Chuo hurudisha sehemu yake serikalini kwa kuzidisha ile asilimia 63.6 isiyostahiliwa kwa ada ya dola 1,800, ambayo ni karibu dola 1,145. Zinazobaki upande wako ni dola 763, lakini sheria humlinda mwanafunzi kwa nusu ya ruzuku aliyopewa, ambayo kwako ni dola 1,500. Kwa kuwa 763 ni ndogo kuliko hiyo, serikali haitakudai kitu.

Atakayekudai ni chuo. Zile dola 1,145 kilizorudisha zilikuwa zimelipa ada yako, na baada ya kuondoka ada hiyo inabaki haijalipwa, kwa hiyo utapokea ankara. Vyuo vingi havimruhusu mwenye deni kujisajili tena, na deni la namna hii ndilo linalowakuta watu miaka mingi baadaye wanapotaka kurudi, wakiwa wamekwisha kulisahau au hawakujua kabisa kwamba lipo.

Kabla ya kusafiri, basi, zungumza na walimu wako. Kama msiba ungetokea siku ya 67 ningekwambia nenda tu ukiwa umetoa taarifa, kwa sababu ungekuwa umevuka asilimia 60. Kwa sasa uliza kama kuna somo hata moja unaloweza kulifuata kwa mtandao ukiwa Kigoma, kwa maana anayebaki na somo moja la muhula mzima na kulimaliza hahesabiwi kuwa ameacha chuo. Kama hakuna, jiondoe rasmi kwa maandishi. Anayetoweka bila taarifa mara nyingi huhesabiwa kuwa aliondoka nusu ya muhula, lakini hati yake hujaa F ambazo W zingeepusha. Tunza cheti cha kifo na tiketi ya ndege, kwa sababu kifo cha ndugu kimetajwa waziwazi katika kanuni kuwa sababu ya kukata rufaa uwiano wako utakaposhuka, na rufaa hiyo inapaswa pia kueleza ni kitu gani kimebadilika kitakachokuwezesha kumaliza safari hii.

SWALI: Mimi ni Mkenya, ninasoma Boston kwa viza ya wanafunzi, F-1. Rafiki yangu, ambaye ni raia, ameacha somo moja na msaada wake haukupungua. Je, nami naweza kufanya vivyo hivyo? — J., Boston

JIBU: Ndugu J., rafiki yako na wewe hamko chini ya kanuni zile zile. Mwenye F-1 hapati msaada wa shirikisho, na kinachokuhusu ni sheria ya uhamiaji, inayomtaka mwanafunzi wa shahada ya kwanza awe na angalau krediti 12 kila muhula, isipokuwa muhula wake wa mwisho. Ukitaka kushuka chini ya hapo, ofisa wa wanafunzi wa kimataifa chuoni kwako lazima aidhinishe kwanza na kuandika idhini hiyo katika SEVIS, mfumo wa serikali wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni. Idhini kwa sababu ya ugumu wa masomo hutolewa mara moja tu kwa kila ngazi ya elimu na humtaka mwanafunzi abaki na angalau krediti 6, na idhini ya ugonjwa huhitaji barua ya daktari. Kuacha somo Ijumaa na kuomba idhini Jumatatu ni kuvunja masharti ya viza. Kama unasomeshwa na ufadhili wa chuo, soma pia barua ya ufadhili huo kabla ya kwenda kumwona ofisa, maana huenda nayo ina idadi yake ya krediti.