Carla Del Ponte hakuondolewa Arusha kwa kushindwa kazi

Kuna mdau ameuliza kama ni kweli yule mwendesha mashtaka mkuu wa Mahakama ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda (ICTR) alitolewa kwa uzembe. Miaka ile naendesha teksi, kijiwe chetu kilikuwa nje ya AICC, kituo cha mikutano cha Arusha ilikokaa mahakama hiyo, na siku abiria wakiadimika nilikuwa naingia kusikiliza kesi. Ilikuwa bure. Jibu langu ni hapana, na nina sababu.

Del Ponte, Mswisi, alianza kazi 1999 akiwa amekabidhiwa mahakama mbili kwa mpigo: hii ya Arusha na ile ya Yugoslavia kule The Hague. Ofisi yake ilikuwa The Hague, huku tulimwona kwa nadra. Hilo lilimponza, sikatai.

Hata hajakaa sawa, Novemba mwaka huohuo majaji wa rufaa wakaamuru Barayagwiza, mmoja wa waanzilishi wa RTLM, redio iliyochochea mauaji, aachiwe kwa kuwa alishikiliwa muda mrefu kinyume cha haki zake. Kigali ikasitisha ushirikiano. Februari 2000 mama Del Ponte akaja mwenyewe kuomba uamuzi upitiwe upya. Nilikuwa nyuma ya kile kioo, hedifoni masikioni, nikijikongoja na Kiingereza changu. Mwili mdogo, nywele fupi, na hakuwa na dalili ya kutetereka. Tarehe 31 Machi majaji wakageuza. Barayagwiza akashtakiwa, na 2003 akatiwa hatiani.

Kilichomwangusha ni alichokitangaza Desemba 2000: kwamba anachunguza pia askari wa RPF, yaani upande ulioshinda vita na ulioshika serikali. Kisheria alikuwa sahihi kabisa. Mahakama ilipewa makosa ya mwaka 1994, haikuambiwa ichague jeshi. Ila mwendesha mashtaka wa namna ile hana polisi wake. Mashahidi wake wengi walikuwa Rwanda, na ruhusa ya kutoka nchini ilikuwa mikononi mwa serikali ileile.

Juni 2002 nikayaona matokeo. Majaji waliingia, tukasimama, tukakaa. Pazia la kumficha shahidi lilikuwa limeshavutwa, lakini nyuma yake hakukuwa na mtu. Mashahidi walikuwa wamekwama Rwanda, masharti mapya ya safari yamewazuia. Haikuchukua muda kesi ikaahirishwa, mawakili wakafunga mafaili, mahabusu wakarudishwa rumande Kisongo. Manusura nao walikuwa na malalamiko ya haki kabisa, maana kuna mashahidi waliohojiwa kwa kudhalilishwa mle ndani. Lakini kile kiti kitupu sijakisahau hadi leo.

Tarehe 28 Agosti 2003 Baraza la Usalama likapitisha azimio namba 1503: kila mahakama iwe na mwendesha mashtaka wake, kazi iishe haraka. Arusha akapewa Jallow wa Gambia. Mama alitaka kubaki na Rwanda, akakataliwa, naye akasema wazi kwamba uchunguzi wa RPF ndio uliomtoa. The Hague aliachwa aendelee hadi mwisho wa 2007. Mtu aliyeshindwa kazi asingeachiwa kesi ya Milošević, aliyekuwa rais wa Yugoslavia.

Mahakama ilifunga milango mwishoni mwa 2015 ikiwa imeshtaki watu 93. Wa RPF hayumo hata mmoja.