Akiba ya homoni moyoni: majibu kwa wasomaji

Swali: Nimeambiwa kwamba hasira na mawazo hurundika homoni moyoni. Nitumie dawa gani kuzisafisha?

Jibu: Swali hili hurudi kila mara, na kila mara limebeba maneno ya wauzaji wa dawa za kusafisha mwili. Akiba hiyo si uchafu. Noradrenalini, homoni inayouchochea moyo, hutunzwa katika vifuko vidogo mno kwenye ncha za neva za simpathetiki, yaani neva zinazouandaa mwili kukabili hatari, zilizotandaa ndani ya msuli wa moyo. Neva zikisisimka, vifuko huimwaga, moyo ukapiga kwa kasi na nguvu, kisha sehemu kubwa hufyonzwa na neva zile zile na kurudishwa vifukoni itumike tena. Julius Axelrod na wenzake waliligundua jambo hili nchini Marekani kwa kuwadunga wanyama noradrenalini yenye mionzi, wakaona kwamba tishu iliyopoteza neva zake hushindwa kuihifadhi; mwaka 1970 Axelrod alikuwa miongoni mwa waliotunukiwa Nobel. Dawa ya kuimaliza akiba hiyo ipo kweli, nayo ni reserpini, lakini hushusha shinikizo la damu na mapigo ya moyo, wala si ya kujinunulia.

Swali: Je, kotisoli, ile homoni ya msongo wa mawazo, nayo huhifadhiwa hivyo?

Jibu: Hapana.

Swali: Na adrenalini?

Jibu: Ndiyo, kwa kiasi. Hutoka katika tezi zilizo juu ya figo, na neva za moyo huifyonza kutoka kwenye damu.

Swali: Baba ana ugonjwa wa moyo kushindwa kufanya kazi. Je, moyo wake umejaa homoni hizi?

Jibu: Zilizojaa ni zile za kwenye damu, akiba ya moyoni kwa kawaida huwa imepungua, kwa sababu neva humwaga bila kupumzika huku uwezo wao wa kufyonza ukififia. Homoni inayobaki nje huuchokoza msuli mfululizo na, kadiri muda unavyopita, huziua seli zake. Ndiyo sababu wagonjwa wengi wa aina hii hupewa beta-bloka, dawa zinazoukinga moyo dhidi ya homoni hizi, na nawasihi wanaouguza wasikubali dawa hizo ziachwe ghafla kwa kuwa mgonjwa anajisikia nafuu.

Swali: Kokeini kidogo yaweza kumdhuru kijana mwenye afya?

Jibu: Yaweza kumuua. Huzuia ufyonzaji nilioueleza na kubana mishipa inayolisha moyo. Baadhi ya dawa za sonona nazo huzuia ufyonzaji huo, kwa hiyo anayezitumia amuulize daktari kabla ya kununua hata dawa ya kuzibua pua.