Thredi za plagi ya chensoo zimeliwa mara ya tatu: tundu linaokoleka?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi napasua magogo ya misindano upande wa Mafinga. Chensoo yangu inatema plagi. Mara ya kwanza fundi mmoja aliizungushia tepu nyeupe ya mabomba, ikakaa siku mbili. Mara ya pili mwingine akajaza gundi ya chuma. Wiki iliyopita wa tatu akapitisha tapu, kile kifaa cha kukata thredi, na sasa plagi inacheza kabisa ndani ya tundu. Naambiwa nakaza kwa nguvu mno, tena naambiwa ninunue silinda mpya. Kosa ni la mkono wangu au la mashine? Na tundu hili linaokoleka?

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Linaokoleka, kwa hiyo usitoe pesa ya silinda kabla halijapimwa. Mkono wako una sehemu yake katika hasara hii, ila ni ndogo kuliko ulivyoambiwa. Nachonga bushi za matundu ya plagi, yaani pete za chuma zinazovishwa ndani ya tundu na kubeba thredi mpya, hapa Iyunga, Mbeya, na nyingi zinatoka kwenu Mufindi na Njombe, kwa wapasua mbao. Watu wa huko hawana mikono mizito kuliko wengine. Wana mashine iliyochongwa kwa matumizi mengine na baridi ya aina nyingine.

Chukua rula na plagi yako. Plagi ya chensoo nyingi, ile iliyoandikwa BPMR7A, ina kipenyo cha milimita 14, na sehemu yake yenye thredi ina urefu wa milimita 9.5 tu. Hatua ya thredi, yaani umbali kutoka kilele kimoja hadi kinachofuata, ni milimita 1.25. Gawanya uone: ni thredi saba na nusu, na ukiondoa ile ncha ya kuanzia zinabaki sita au saba zinazoshika kweli. Sasa chukua plagi ya jenereta au pampu ya kumwagilia, BPR6ES. Kipenyo ni kilekile, hatua ni ileile, lakini urefu ni milimita 19. Hizo ni thredi kumi na tano. Kumi na tano kwa injini iliyotulia chini, sita au saba kwa mashine inayotetemeka mikononi mwa mtu kutwa nzima!

Tena plagi ni chuma kigumu na tundu ni alumini. Na mzigo haugawanywi sawa kati ya hizo thredi chache: ile ya kwanza, iliyo karibu na washa (ile pete nyembamba ya kuzibia iliyo kwenye plagi), hubeba peke yake karibu theluthi ya nguvu yote. Ikilika hiyo, mzigo unahamia ya pili, halafu ya tatu, kama zipu inayofunguka. Ndiyo maana plagi hukaa vizuri miezi mingi, kisha ndani ya wiki moja inaruka.

Naelewa kwa nini walitengeneza hivyo. Chensoo inabebwa, kila gramu inahesabiwa, na kichwa kifupi kinabana kila kitu. Lakini kwenye chensoo kichwa na silinda ni kipande kimoja. Pikipiki ikila thredi unabadilisha hedi peke yake, ilhali huku thredi sita za alumini zikifa unaambiwa ununue silinda nzima, pamoja na ukuta wake wa ndani uliopakwa nikeli au kromu ambao hauna kosa lolote. Hilo linaniuma kila silinda nzima inapotupwa kwenye vyuma chakavu. Pete ndogo ya chuma ikiwekwa kwenye tundu tangu kiwandani ingemaliza habari hii.

Aliyechora tundu hilo alimfikiria mtu anayefungua plagi mara chache kwa mwaka. Wewe unaifungua mara ngapi? Wengi wenu mnanieleza kuwa ni kila asubuhi, na mchana tena. Kosa la mkono wako linaanzia hapa, na si nguvu kama nguvu, ni washa. Washa ya plagi mpya ina uwazi ndani yake, imetengenezwa ibonyee. Ukishakaza kwa vidole mpaka ikae, plagi mpya ya milimita 14 inahitaji nusu hadi theluthi mbili za mzunguko kwa spana. Lakini washa ikishabonyea, haina tena cha kutoa. Plagi hiyohiyo ukiirudisha, inahitaji sehemu moja ya kumi na mbili ya mzunguko, sawa na mshale wa dakika ukitoka kwenye 12 kwenda kwenye 1. Wapasuaji wengi wanaijua ile nusu mzunguko na kuirudia kila siku kwa plagi ileile. Washa haibonyei tena, kwa hiyo kinachonyooka ni alumini.

Kwa mwenye kutaka namba: plagi ya milimita 14 kwenye alumini huvumilia nyutoni-mita (kipimo cha nguvu ya kukaza) 25 hadi 30. Kwa spana yenye mkono wa sentimita 20, nyutoni-mita 25 ni uzito wa kama kilo 12 na nusu mwishoni mwa spana, yaani ndoo ya lita 20 iliyojaa kupita nusu kidogo. Ukirefusha mkono huo kwa kipande cha bomba mpaka sentimita 40, nguvu ileile inageuka mara mbili. Bomba liache kwenye matairi ya Fuso. Na usipake grisi kwenye thredi za plagi. Inateleza, na mkono uliozoea unakaza kupita kiasi bila kujua.

Turudi kwenye yale matengenezo matatu. Tepu ya mabomba ni kosa kwa sababu plagi hupoa kwa kugusana na alumini. Joto lake kubwa linatoka kupitia thredi na kikalio cha washa, na wewe umeweka plastiki katikati. Gundi ya chuma inafaa tenki linalovuja. Injini ya mipigo miwili inalipuka kila mzunguko, na ikiwa kwenye gogo hiyo ni kama mara 9,000 kwa dakika. Gundi haiwezi kustahimili hilo. Ile tapu ndiyo iliyokumaliza. Tapu ya 14 inayopatikana kirahisi madukani ni ya boliti za kawaida, na hatua yake ni milimita 2. Ya plagi ni 1.25. Kipenyo kinalingana, thredi hazilingani hata kidogo, na kwa maelezo yako karibu nina hakika tapu hiyo ilikata mshazari zile chache zilizokuwa zimebaki. Kwa hiyo fundi yeyote akikuambia “ninayo tapu ya kumi na nne,” muulize hatua yake kabla hajaigusa mashine.

Sasa dawa. Kuna waya wa chuma uliosokotwa kama springi, unaotiwa kwenye tundu lililotanuliwa na kukatwa thredi upya. Kwenye tundu refu la milimita 19 naukubali. Kwenye milimita 9.5 siupendi, kwa sababu unabaki na mizunguko michache tu, na siku ya kufungua plagi waya nao unatoka umeing'ang'ania. Kwa chensoo nachonga bushi nzima ya chuma kwenye mashine ya kukerezea: ndani milimita 14 kwa hatua ya 1.25, nje milimita 18 kwa hatua ya 1.5. Ukuta unaobaki kati ya thredi za ndani na za nje ni milimita moja na kidogo. Ni mwembamba, ila ni chuma, na unashika alumini kwa kipenyo kikubwa zaidi kuliko cha awali. Kabla ya yote napima unene wa alumini uliobaki kuzunguka tundu na natafuta ufa kuelekea kwenye mapezi ya kupoza silinda. Kama kuna ufa, hapo tu ndipo nitakubaliana na waliokuambia silinda mpya.

Mambo manne yanatofautisha bushi inayokaa na ile itakayokurudisha kwangu. Silinda lazima ing'olewe. Ukikata thredi ikiwa imefungwa, vumbi la alumini linaingia ndani na kukwaruza ule ukuta uliopakwa, nao haupigwi msasa ukapona. Bushi iwe na kola juu, na kola hiyo izamishwe kwenye kikalio mpaka ilingane na uso wa zamani, la sivyo plagi inapanda juu kwa unene wa kola na unapoteza thredi ulizokuja kuzitafuta. Upande wa ndani bushi isichomoze hata nusu milimita, maana ukingo uliochomoza unageuka kaa la moto na kuwasha mafuta kabla ya wakati. Mwisho, igongwe pointi tatu kwa sentapanchi kutoka ndani ya chumba cha moto, juu ya gundi ya thredi ya kuvumilia joto kali, ili plagi ikifunguliwa bushi ibaki.

Lakini bushi peke yake haitoshi kama utaendelea kufungua plagi mara mbili kwa siku. Mafinga iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na huko hewa ni nyepesi kwa takribani moja ya sita kuliko ya pwani. Kabureta iliyosetiwa kwa pwani inamwaga petroli kana kwamba hewa ipo. Mchanganyiko unakuwa mzito, plagi inajaa masizi, mashine inakataa, nawe unachukua spana. Isipokuwa zile mpya zinazojirekebisha zenyewe, chensoo ina skurubu ya kabureta yenye herufi H, inayopunguza au kuongeza petroli. Anza kwanza kusafisha chujio la hewa, kwa sababu unga wa msindano wenye utomvu unaliziba haraka, na chujio lililoziba linaleta masizi yaleyale. Kisha kaza H kulia kidogo sana, sehemu moja ya nane ya mzunguko, usikilize. Ikiwa wazi kabisa bila gogo inapaswa kukoroma kwa kukatikakatika, na ikiingia kwenye mti sauti inyooke. Ikilia kali na nyororo bila gogo, umebana mno. Rudisha mara moja, kwani mafuta ndani ya petroli ndiyo yanayolainisha pistoni. Na siku ukipata kazi bondeni, tuseme Kyela, ambako ni karibu mita 500, ifungulie tena kabla hujakata mti wa kwanza. Chensoo iliyobanwa kwa ajili ya Mafinga inaunguza pistoni kule.

Mafuta ya kuchanganya pia yapimwe. Kama kitabu cha mashine kinasema 1 kwa 50, hiyo ni mililita 20 kwa lita, au mililita 100 kwa galoni la lita 5, na yawe mafuta ya mipigo miwili. Kukadiria kwa macho kwa oili ya gari kunajaza kaboni kwenye plagi na hata kwenye njia ya moshi. Plagi iliyokaa sawa ina rangi ya kahawa ya maziwa. Nyeusi yenye masizi ni mchanganyiko mzito, nyeupe ni mwepesi.

Asubuhi za Juni na Julai najua kinachotokea: umevuta choki, umevuta kamba mara nyingi, mashine imekunywa mafuta, na mkono unaenda kwenye plagi. Jaribu hivi kwanza. Ondoa choki, weka breki ya mnyororo, bonyeza triga ya mafuta hadi mwisho, vuta kamba mara kumi hadi kumi na tano. Mara nyingi inajikausha na kuwaka bila kufunguliwa.

Itakapobidi kufungua, subiri ipoe, maana alumini ya moto ni laini. Kurudisha, chomeka kipande cha mpira wa petroli kwenye kichwa cha plagi na uzungushe kwa huo mpira. Zungusha kushoto kwanza hadi usikie thredi ikidondoka mahali pake, ndipo uende kulia. Ikiwa imeingia mshazari, mpira utateleza wenyewe kabla hujaharibu kitu, spana haitakuambia. Na usikope plagi ya jenereta hata kama inaingia bila shida. Ina milimita 9.5 za ziada, huenda pistoni ikaigonga, na zile thredi zinazobaki uchi ndani zinashika kaboni na kuichana bushi wakati wa kutoka.

Ukiamua kunitumia silinda, ing'oe, ziba mdomo wa kutolea moshi na tundu la plagi kwa kitambaa safi, ifunge kwenye boksi na uipakie basi la Mbeya. Weka na plagi unayotumia pamoja na washa yake, kwa sababu bushi naichonga kwa kuipima nayo.